Kuizuru Fountains Abbey: anza na mto, kanisa lifuate

Wageni wengi wanaofika Fountains Abbey, huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, huingia, huupiga picha mnara, huzungukazunguka ndani ya kanisa lisilo na paa, kisha huenda kunywa chai. Wanajinyima. Mahali hapa si gofu la kanisa peke yake. Ni abasia, yaani makao ya wamonaki, ya Enzi za Kati ambayo mpangilio wake karibu wote bado unasomeka ardhini na ukutani: kinu cha kusagia nafaka, ghala, jiko, bwalo, bweni, ukumbi wa mikutano, jengo la wagonjwa, hadi vyoo. Ukiingia moja kwa moja kanisani utayaona mawe mazuri na utaondoka bila kujua watu waliishi vipi humo. Ukianza na mto, kila jengo litakueleza kwa nini limesimama pale lilipo.

Mto wenyewe unaitwa Skell. Si mkubwa, na unapita kwenye bonde jembamba lenye majabali pande zote mbili. Mwaka 1132 wamonaki 13 waliondoka katika abasia ya St Mary's mjini York baada ya ugomvi mkali. Walitaka kurudi kwenye Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kama ilivyoandikwa, kwa kazi ya mikono, chakula kidogo na ukimya, na wenzao hawakutaka. Askofu Mkuu Thurstan wa York aliwapokea, na Desemba 27 mwaka huo akawapa kipande cha bonde hili lililokuwa pori. Majira ya baridi ya kwanza waliyapitisha chini ya mti na majabali. Baadaye wakamwandikia Bernardo, abate wa Clairvaux huko Ufaransa, wakiomba kujiunga na Wasitoo, shirika la wamonaki lililoanzia Cîteaux, nchini humohumo, mwaka 1098, na yeye akawatumia mmonaki mzoefu wa kuwafundisha. Njaa ilikaribia kuwatawanya. Kilichowaokoa ni kuingia kwa Hugh, dekani wa York, mwaka 1135, akiwa na mali yake na vitabu vyake.

Bonde lile halikuwafaa kwa kilimo, lakini lilikuwa na vitu vitatu ambavyo abasia haiwezi kuishi bila hivyo. Jiwe la kujengea lilichongwa palepale kwenye majabali ya bondeni. Miti ilikuwepo tele. Na maji yalikuwa ya aina mbili: chemchemi safi zilizotoka kwenye kingo za bonde, na mto wa kuendesha kinu na kubeba uchafu. Msomaji aliyewahi kufika Peramiho (iliyoanzishwa 1898) au Ndanda (1906) kusini mwa Tanzania hatashangaa. Wabenediktini wa huko nao wanafuata Kanuni ileile, na kanisa lao nalo limezungukwa na karakana, mashamba, hospitali na mitambo ya uchapaji. Abasia tangu zamani ni kijiji kinachojitosheleza.

Ingia kwa upande upi

Kuna milango mitatu. Wa kwanza ni wa kituo cha wageni, juu ya kilima, penye maegesho makubwa. Kutoka hapo ni kama dakika kumi kwa mguu, na njia fupi inateremka kwa mwinuko mkali. Ipo njia nyingine ndefu kidogo lakini ya taratibu. Wa pili ni geti la magharibi, lililo karibu zaidi na kinu na abasia, na ndilo linalowafaa wazee, wanaotumia kiti cha magurudumu, na yeyote mwenye magoti yanayosumbua. Wa tatu uko upande wa ziwa, mwisho wa bustani, katika mbuga ya kulungu.

Ukiwa na nguvu za miguu, nakushauri uanzie magharibi au kituo cha wageni kisha ushuke hadi kinuni, halafu utembee kuelekea mashariki, yaani maji yanakoelekea. Wanaoanzia ziwani hupata mandhari nzuri ya kuikaribia abasia kwa mbali, lakini hufika kwenye magofu wakiwa wamechoka, na huyasoma kinyumenyume. Tenga saa mbili kamili kwa abasia yenyewe, na nyingine mbili kwa bustani na mbuga. Anayekuambia inatosha saa moja hajaingia bwaloni.

Kinu ndilo jengo la kwanza la kutazama, na wengi hulipita. Kilijengwa karne ya 12 na kiliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1927. Wafalme walipita, abasia ikavunjwa, wamiliki wakabadilika, na gurudumu likaendelea kuzunguka kwa sababu kila zama ina watu wanaohitaji unga. Mfereji ulichepushwa kutoka mtoni juu kidogo, maji yakashuka kwenye gurudumu, kisha yakarudi Skell kabla mto haujaingia katikati ya majengo. Zingatia mfuatano huo. Kinu kiko juu ya mkondo, vyoo viko chini yake. Kwa hiyo nguvu ya maji ilitumika kwanza kusaga, ndipo mto ukapewa kazi ya kubeba taka. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa hayakutoka mtoni kabisa. Yalitoka kwenye chemchemi.

Ghala la magharibi, chumba ambacho hakikuwa chumba kimoja

Kutoka kinuni utaliona jengo refu la magharibi, lenye urefu wa kama mita 90. Ndani yake kuna ukumbi wenye matao ambao picha zake zimeenea kila mahali: safu moja ya nguzo katikati, na kutoka kila nguzo mbavu za mawe zinasambaa kwenda darini bila kichwa cha nguzo kuzikata, kama makuti yanavyochomoza kwenye shina la mnazi. Kuna vipande 22 vya dari kutoka kaskazini hadi kusini. Fika mchana baada ya saa nane, kwa sababu madirisha yake yanatazama magharibi na mwanga huingia kwa mshazari hadi kwenye nguzo. Asubuhi humo ndani ni giza na picha zitatoka na chembechembe.

Urefu ule unawapotosha wageni. Hakikuwa chumba kimoja. Zamani kulikuwa na kuta za kukata katikati: sehemu ya kuhifadhi vyakula na bidhaa, njia ya kuingilia ua wa ndani, na upande wa kusini bwalo la mabruda. Kuta hizo ziliondolewa, na leo tunaona ukumbi ambao hakuna mmonaki wa karne ya 13 aliyewahi kuuona hivyo. Juu yake, kwenye ghorofa ambayo paa lake limetoweka, ndipo palipokuwa bweni la mabruda.

Hawa mabruda ndio ufunguo wa abasia ya Wasitoo. Waliweka nadhiri kama wengine, lakini hawakuwa makleri, wengi hawakujua kusoma, na kazi yao ilikuwa mashamba, kondoo, ujenzi, uhunzi na usafirishaji. Sala zao zilikuwa fupi za kukariri. Ndani ya ukuta mmoja waliishi watu wa aina mbili, na kila kitu kilikuwa viwili: mabweni mawili, mabwalo mawili, majengo mawili ya wagonjwa, na hata kanisa liligawanywa, mabruda magharibi na wamonaki mashariki. Jiko liliwekwa kati ya mabwalo hayo mawili ili lihudumie pande zote mbili, na ukisimama jikoni leo utayaona mabaki ya meko mawili makubwa yaliyopeana migongo.

Toka nje upande wa kusini wa ghala ukatazame mto. Hapo jengo la vyoo vya mabruda lilijengwa juu ya maji yenyewe, na jengo lao la wagonjwa likawekwa juu ya matao yanayouvuka mto. Mvua ikinyesha sana unaelewa faida na hatari ya mpango huo kwa wakati mmoja. Choo kinajisafisha chenyewe usiku na mchana, lakini mto ukifurika unaingia ndani ya nyumba.

Ua wa ndani na saa za sala

Ua wa mraba ulio kusini mwa kanisa ulikuwa moyo wa maisha ya wamonaki. Siku hizi ni majani tu, kwa sababu baraza zilizouzunguka zimeanguka. Lakini zungukia kuta zake utaona milango yote ya siku yao. Upande wa mashariki kuna matao matatu ya ukumbi wa kapitulo, ambako kila asubuhi ilisomwa sura moja ya Kanuni, makosa yakaungamwa na kazi zikagawanywa. Maabate wengi wamezikwa chini ya sakafu yake, na baadhi ya mawe ya makaburi bado yanaonekana. Usiyakanyage kwa ajili ya picha. Ghorofani juu ya ukumbi huo palikuwa bweni la wamonaki, lenye ngazi ya usiku iliyoshuka moja kwa moja hadi kanisani ili mtu aamke na kwenda kusali bila kutoka nje kwenye baridi.

Mswahili ana wepesi hapa ambao Mwingereza wa leo hana, maana sala za mchana zilihesabiwa tangu jua lichomoze, kama tunavyohesabu sisi. Tersia ilikuwa saa tatu, Seksta saa sita, Nona saa tisa. Tofauti ni kwamba wao waligawa mchana katika sehemu 12 sawa hata uwe mrefu au mfupi vipi, na Yorkshire iko mbali sana na ikweta. Mwisho wa Desemba jua huchomoza hapo baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo “saa” moja ya mchana ilikuwa kama dakika 37. Mwisho wa Juni ilizidi dakika 85. Maana yake ni kwamba usingizi wa usiku wa kiangazi ulikuwa mfupi mno na ukafidiwa kwa kulala mchana, na usiku wa baridi ulikuwa mrefu wenye sala ndefu gizani, katika kanisa ambalo halikuwa na moto.

Ndiyo maana chumba cha kuotea moto, kilicho upande wa kusini wa ua, kinastahili dakika zako kumi. Kina meko mawili makubwa ajabu, moja likiwa limezibwa baadaye. Mbali na jikoni na kwa wagonjwa, hapa ndipo mmonaki aliporuhusiwa kujipasha joto, na moto uliwashwa tangu Novemba mosi hadi Ijumaa Kuu. Hapohapo walipaka viatu mafuta, na walitolewa damu kwa vipindi, kama tiba ya zama hizo ilivyoagiza. Chumba cha juu yake kilihifadhi hati za ardhi na mikataba. Sababu inaeleweka ukigusa ukuta siku ya mvua: joto la chini lilikausha hewa na ngozi za kuandikia hazikuota ukungu.

Bwalo la wamonaki liko jirani, na hapa kuna alama ya Wasitoo ambayo utaikuta katika abasia zao nyingi. Wabenediktini wa kawaida walilaza bwalo sambamba na ua. Wasitoo waliligeuza, likachomoza kutoka uani kwenda kusini, hapa likielekea mtoni. Kwa kuligeuza walipata nafasi ya jiko upande mmoja na chumba cha moto upande wa pili, vyote vikiwa vimepakana na ua. Pande zote mbili za mlango kuna mahali pa kunawia mikono, palipoletewa maji ya chemchemi kwa mabomba. Ndani, tafuta ngazi iliyochimbwa ndani ya unene wa ukuta: ilipanda hadi kwenye mimbari, ambako mmoja alisoma kwa sauti huku wengine wakila kimya. Nyama haikuliwa humo. Iliruhusiwa kwa wagonjwa tu, hadi kanuni zilipolegezwa karne za baadaye.

Kanisa na mnara ambao kanuni iliukataza

Sasa ingia kanisani, kwa mlango wa magharibi. Utaona ukumbi mkuu wenye vipande 11 kila upande, nguzo nene za duara, na jambo la ajabu kidogo: matao ya chini yamechongoka juu, lakini madirisha yana vichwa vya nusu duara. Ni kazi ya nusu ya pili ya karne ya 12, wakati waashi walikuwa wanatoka kwenye mtindo mmoja kwenda mwingine. Umbo hilo la tao lililochongoka lilikuja na Wasitoo kutoka Burgundy, nyumbani kwao Ufaransa. Katika njia za pembeni tazama juu ukutani. Dari zimeanguka, lakini alama zake zimebaki, na utaona kwamba kila kipande kilikuwa na dari yake iliyolala kukata njia, badala ya dari moja ndefu.

Hili si kanisa la kwanza mahali hapa. Mwaka 1147 abasia ilichomwa moto na wafuasi wa William FitzHerbert, waliokasirika kwa sababu abate Henry Murdac alipinga asifanywe askofu mkuu wa York. Wanaakiolojia walipochimba chini ya bawa la kusini walikuta mabaki ya jengo la mbao na la kanisa dogo la mawe lililoungua. Kanisa unalolitembelea lilijengwa juu yake.

Endelea hadi mwisho wa mashariki. Kanisa linapanuka ghafla kushoto na kulia na kuwa ukumbi mrefu wa kukingama, uliokuwa na altare tisa zilizopangwa mstari mmoja. Ulimalizika katika nusu ya kwanza ya karne ya 13. Altare nyingi zilihitajika kwa sababu wamonaki waliopewa upadre waliongezeka, na kila padre alitakiwa kuadhimisha misa yake. Wazo lilipendwa hadi Durham, ambako kanisa kuu lilianza kujengewa ukumbi kama huo mwaka 1242. Njoo hapa asubuhi, mwanga ukiwa unatoka mashariki. Tazama nguzo kwa karibu: palikuwa na vijiti vyembamba vya marumaru nyeusi ya Nidderdale vilivyozunguka mhimili mkuu, na sehemu kubwa vimeng'olewa, ukabaki utupu unaokuonyesha vilisimama wapi.

Jengo hili jembamba na refu lilianza kupasuka. Mwishoni mwa karne ya 15 abate John Darnton alilikarabati, na kwenye tao la dirisha moja waliweka jiwe la kuzibia ufa lililochongwa: upande mmoja malaika, upande wa pili uso wa mtu unaotoka majani mdomoni. Ni kiraka, na mwashi alikifanya kwa heshima yote. Tembea na darubini ndogo, maana kiko juu.

Mnara nao una sababu ya kihandisi na sababu ya kibinadamu. Shirika lilikuwa limekataza minara ya kengele ya mawe tangu 1157. Karibu miaka 350 baadaye abate Marmaduke Huby, aliyeongoza tangu 1495 hadi 1526, alijenga mnara wa karibu mita 50, akauzungushia maandishi ya Kilatini, likiwemo “Soli Deo honor et gloria”, heshima na utukufu kwa Mungu peke yake. Kawaida mnara huwekwa katikati, penye makutano ya kanisa, lakini nguzo za hapo zilikuwa zimeshaonyesha udhaifu. Huby akaujenga pembeni, mwisho wa bawa la kaskazini, kwenye msingi wake wenyewe. Ndiyo maana bado umesimama. Wengine huona kiburi tupu katika mnara huu. Mimi naona pia abate aliyeijua ardhi yake.

Kabla hujatoka, shuka upande wa kusini-mashariki hadi kwenye mabaki ya jengo la wagonjwa la wamonaki. Juu ya ardhi limebaki kidogo, na kwa sababu hiyo watu hawafiki. Lakini ukumbi ule mkubwa ulisimama juu ya mahandaki manne sambamba yanayopitisha Skell chini yake. Eneo tambarare la bondeni lilikuwa limekwisha, kwa hiyo wakaufunika mto na kujenga juu yake. Simama ukingoni uyatazame yanavyomeza maji. Usiingie hata kama maji ni machache: kina hubadilika haraka mvua ikinyesha juu ya bonde, na popo wa aina kadhaa wanaishi katika mianya ya majengo haya na wanalindwa kisheria.

Sufu, deni, risasi

Fedha za yote hayo zilitoka mgongoni mwa kondoo. Katika orodha ya Francesco Balducci Pegolotti, mfanyabiashara wa Firenze, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 14, Fountains inatajwa kutoa magunia 76 ya sufu kwa mwaka. Gunia la sufu la wakati huo lilikuwa na uzito wa ratili 364, kama kilo 165, na lilihitaji kondoo zaidi ya 200. Hesabu inafika tani 12 na nusu, na kondoo zaidi ya 15,000, ingawa sehemu ya sufu ilinunuliwa kwa wafugaji wa jirani. Mabruda waliendesha mashamba ya mbali katika Nidderdale na Craven, na sufu ikaenda Flanders na Italia.

Utajiri huo ulikuwa na tundu. Abasia iliuza sufu kabla haijakatwa, miaka kadhaa mbele, ikachukua fedha taslimu na kuzijenga ukutani. Ulipoingia ugonjwa wa upele wa kondoo mwishoni mwa karne ya 13, sufu ya kulipia mikataba haikupatikana na deni likawa kubwa mno. Baada ya vita vya Bannockburn vya 1314 yakaja mashambulizi ya Waskoti, kisha tauni kubwa ya 1348 na 1349. Mabruda wakapungua hadi karibu kwisha, na mashamba yakaanza kukodishwa. Bweni lao refu, lile la juu ya ghala, lilikuwa kubwa mno kwa watu waliobaki.

Novemba 1539 abasia ilikabidhiwa kwa serikali ya Henry VIII, na mwaka uliofuata akauziwa Sir Richard Gresham, mfanyabiashara wa London. Kilichoiua si nyundo. Ni kuondolewa kwa risasi. Paa zote zilifunikwa kwa madini ya risasi, yenye bei nzuri, na yalipochukuliwa mvua iliingia katikati ya kuta nene ambazo ndani yake ni kokoto na chokaa. Maji yakaganda wakati wa baridi, yakatanuka, yakasukuma mawe nje. Ghala la magharibi lilinusurika kwa sababu dari yake ni ya mawe. Baadaye Sir Stephen Proctor alijenga nyumba yake ya Fountains Hall karibu na geti la magharibi, kati ya mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17, akitumia mawe ya abasia. Ukiipita, ujue unatazama sehemu ya kuta unazozikosa kule bondeni.

Mto uleule unakuwa bustani

Fuata maji kwenda mashariki na utaingia Studley Royal. John Aislabie alikuwa waziri wa fedha wa Uingereza, akafukuzwa bungeni mwaka 1721 kwa kashfa ya South Sea, kampuni ya biashara ambayo hisa zake ziliporomoka. Alirudi kwenye shamba lake, na hadi kifo chake mwaka 1742 aliifanya Skell kuwa bustani: mto ukanyooshwa kuwa mfereji, mabwawa yakachimbwa kwa umbo la mwezi mzima na hilali mbili, na maporomoko madogo yakamwaga maji ziwani. Hakuna pampu. Kila kitu kinakwenda kwa mteremko. Abasia haikuwa mali yake. Mwanawe William ndiye aliyeinunua mwaka 1767 na kuiunganisha na bustani. Ukipanda njia ya juu utapita handaki la kujipinda lenye giza, kisha utafika kwenye kibanda kiitwacho kiti cha Anne Boleyn, ambako bonde linafunguka na abasia inaonekana yote kwa mara moja. Njia hiyo ina mwinuko. Ya chini ni tambarare, na kutoka magofuni hadi ziwani ni kama kilomita moja na nusu.

Mabwawa hayo yanajaa tope. Mvua kubwa huleta udongo kutoka mashamba ya juu, na mwaka 2007 mafuriko yaliingia hadi kwenye magofu na bustani. National Trust, shirika la kuhifadhi urithi linalomiliki eneo hili tangu 1983, inafanya kazi na wakulima wa juu ya bonde: wanapanda miti, wanachimba madimbwi, wanaweka magogo kwenye vijito ili maji yashuke polepole. Nadhani ndiyo kazi muhimu kuliko zote zinazofanyika hapo sasa, kwa sababu kuzoa tope kila mara ni kutibu dalili.

Mbuga iliyo baada ya ziwa ina kulungu wa aina tatu na ni bure kutembea. Kaa umbali wa mita 50 kutoka kwao, zaidi mwezi Oktoba madume yanapopigania majike, na Juni majike yanapoficha watoto kwenye majani marefu. Ukimwona mtoto amelala peke yake hajatupwa. Mwache.

Kwa anayetoka London, treni hadi Leeds huchukua kama saa mbili na robo, kisha basi namba 36 linalopita Harrogate hadi Ripon. Ripon haina treni ya abiria tangu 1967. Kutoka Ripon hadi abasia ni karibu kilomita 6. Mabasi ya kwenda hayatembei kila siku, kwa hiyo angalia ratiba ya siku yako kabla hujanunua tiketi ya treni. Unaweza pia kutembea kupitia kijiji cha Studley Roger na kuingilia mbugani. Wanachama wa National Trust na wa English Heritage hawalipi kiingilio. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, maana mawe yenye kuvu huteleza hata siku kavu, na beba koti la mvua wakati wowote wa mwaka. Majira ya baridi milango hufungwa mapema, na saa tisa alasiri mwanga ushaanza kuisha, kwa hiyo fika panapofunguliwa na uanze na ukumbi wa altare tisa, uache ghala kwa mchana. Droni haziruhusiwi. Ukisubiri basi la kurudi, kanisa kuu la Ripon lina kripti, yaani chumba cha chini ya sakafu, iliyobaki kutoka kanisa la Mtakatifu Wilfrid la mwaka 672, yaani ilikuwa na miaka 460 siku wamonaki 13 walipoingia bondeni.